Goti la Muwa

Neno lilikuwa kwenye kitabu cha mimea, ukurasa ulioliwa na mende,
na Nangobi wa kidato cha tano akanyosha mkono:
Mwalimu, shina hili wanasema ni jenikuleti. Ndiyo nini?
Miaka kumi na tisa nafundisha hapa Kakira. Sikujua.
Nikasema tutaliona kesho,
uongo wa walimu wote tangu chaki ilipoanza kuvunjika.

Usiku, taa ya sola ikikonyeza,
nikalifukua kwenye kamusi isiyo na jalada:
lililopinda mfano wa goti.
Chini yake, kwa herufi za sisimizi, ukoo wake:
Kirumi, goti; kisha goti dogo, kigoti,
ndivyo walivyokiita kifundo cha bua.
Mtu fulani, zamani, aliangalia nyasi
akaona mguu.

Nilicheka peke yangu.
Sisi njia hiyo tuliipita kinyumenyume:
kifundo cha muwa, kifundo cha mguu,
tuliangalia mguu tukaona shamba,
wala hatukumwomba Mrumi ruhusa.
Tena goti wao hulipinda. Sisi tunalipiga,
kama tunavyopiga hodi,
na ardhi ndiyo mlango.

Baba hakuupiga.
Enzama wa Arua, mkata miwa:
panga liliteleza asubuhi ya umande
likamkuta chini ya paja.
Kidonda kilipona, mguu ukabaki mpini.
Kitini aliunyosha mbele kama mtu anayeelekeza wageni.
Kanisani watu wote wakishuka
yeye alibaki juu, bua moja
walilolisahau wakataji,
na watoto wa kambi wakamwita Bwana Kiburi.

Mama alimpigia goti kila jioni,
Kagoya, Msoga, bakuli la maji mikononi.
Walizungumza Kiswahili; Kilugbara na Kisoga
vilivuliwa mlangoni pamoja na ndala.
Inuka, baba alisema.
Inuka basi, Kagoya. Unanitia deni.

Kisha ule mwaka wa upepo.
Miwa ililala upande mmoja, ekari kwa ekari,
kama nywele zilizochanwa na mtu mwenye hasira.
Msimamizi akatia wino: hasara.
Baada ya majuma kadhaa nilitumwa kuni, nikaona.
Hakuna muwa ulionyooka upya. Hakuna.
Kila mmoja ulikuwa umejikunja kwenye kifundo,
umelaza shina chini kwenye tope,
na kutoka hapo, gotini, ukapanda.

Nilimwita baba aje aone.
Alikuja akiburuta mpini wake,
akakishika kifundo kwa kidole gumba, muda mrefu,
kama daktari asiye na saa.
Nilingoja neno la kukumbuka.
Akasema: Hii itatusumbua kukata.

Siku tulipomzika mama alishuka tena,
kwa mazoea, udongo ukiwa bado mbichi,
akakaa hapo.
Hakuna aliyemwambia inuka.
Ilibidi tumshike kwapani, mimi na dada yangu,
na magoti yake yalikuwa mekundu kwa ule udongo
hadi tulipofika nyumbani, hadi kesho yake,
alikataa kuyaosha.

Basi asubuhi nikaingia darasani
na muwa uliopinda mkononi.
Nikaandika ubaoni: lililopinda mfano wa goti.
Nikawaonyesha mahali.
Nangobi akauliza kama litakuja kwenye mtihani.
Nikasema huenda.

Halafu tukaukata, maana muwa ni muwa.
Wao nikawagawia pingili, zenye maji.
Kifundo, kigumu, kisicho na utamu wa kutosha,
nilikitafuna mwenyewe,
nikiwa nimewapa mgongo, kana kwamba nafuta ubao.